Kuzeesha Nyumba ya Papa

Kazi yangu ni kutengeneza nyumba ambazo mtu hawezi kuingia. Hapa Makiso wananiita fundi wa maketi. Mwenye ofisi ya ujenzi akitaka kuwaonyesha watu villa ambayo bado iko kwenye karatasi, ananiita, nami namtengenezea nyumba ndogo ya kadibodi na triplex, nyeupe pe, na miti ya sifongo mbele ya mlango. Kila kitu kipya. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba ukuta mkuukuu. Nani anataka ukuta mchafu katika Kisangani hii? Uchafu tunao wa kutosha.

Ukuta mkuukuu wa kwanza niliotengeneza ulikuwa wa nyumba ya papa, baba yangu, na niliutengeneza kwa hasira.

Papa alikuwa seremala wa balenieri, zile mashua ndefu za mbao zinazoshuka na mto hadi Isangi na kupita. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake, kando ya mto, chini kidogo ya bandari, na kwa sababu kitu alichokijua ni mashua, alijenga mashua akaiwekea mabati. Mbao zilipandana, ya juu ikilalia kidogo ya chini. Nyufa alizikaza kwa pamba na lami. Wazee wa mtaa walikuwa wakimtania kwamba siku mto ukija, sisi tutazama, yeye atapiga kasia na watoto wake ndani.

Mto ulikuja, ila haukumkuta. Papa alikuwa amelala Kabondo, kwa yaya wangu, dada yetu mkubwa, upande wake wa kushoto umekufa tangu kiangazi. Katika mvua zile kubwa maji yalikula ukingo kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja pembe ya sebule ikabaki inaning'inia hewani. Nilifika nikashirikiana na majirani, tukatoa tulichoweza: kitanda, sanduku la mama, mikeka ya kuswalia. Kufika alasiri nyumba haikuwapo tena. Ilifunguka, mbao moja moja, ikaenda. Haikuelea hata kidogo. Sijui nilitegemea nini.

Tulikutana kwenye uwanja wa yaya: yaya, mimi, na tonton, mdogo wake papa, ambaye tangu papa aanguke ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Sisi ni wale Waislamu wa mji huu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaoa hapa wakabaki. Tuna adabu zetu, nyingine nzuri, nyingine zinachosha. Moja ni hii: mgonjwa hapewi habari ya msiba. Mama yangu alipokuwa anaumwa, dada yake alikufa Isangi akazikwa, na sisi tuliendelea kumletea mama salamu kutoka kwake. Kila mtu aliyeingia chumbani alisema dada yako anakusalimia, amekutumia samaki, mvua ikipungua atapanda mashua aje. Mama alizikwa akiwa bado anamsubiri. Na hakuna aliyeona ubaya. Watu walisema tulimtunza vizuri.

Tonton alitutazama sote akasema, "Bon. Mutu asiseme kitu. Akiuliza nyumba, nyumba iko."

"Na akitaka kurudi kule?" niliuliza.

"Hawezi hata kuketi peke yake. Atarudi namna gani?"

Basi nyumba ikawa iko. Kila nilipokwenda Kabondo baada ya kazi, papa alikuwa ameegemezwa mito, macho mlangoni, na kabla sijamaliza salamu anauliza, "Nyumba iko namna gani?" Najibu, iko muzuri, papa. Lakini seremala humridhishi kwa neno "muzuri". Anataka kujua kama ile mbao yenye fundo karibu na mlango imeanza kupasuka. Kama msumari wa kona ya jikoni umetokeza. Kama wameondoa majani kwenye mfereji wa mabati. Nilijibu nilichoweza. Siku moja akanitazama kwa muda, akasema, "Bote muko na telefone. Leta foto."

Yaya alinifuata jikoni. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, na alipiga kinu mara kadhaa, halafu akasema, "Si wewe ndiye unajua kutengeneza nyumba?"

Nilikasirika. Nilimwambia mimi natengeneza nyumba ambazo hazijakuwapo bado, si zile ambazo hazipo tena. Nilimwambia yeye na tonton wametunga uongo kisha wananipa mimi niujengee paa. Aliniacha niseme. Nilipomaliza akasema, "Alors, kesho nimwambie nini?" Nikabeba kofia yangu nikaondoka, na njiani nilikuwa tayari napima kichwani upana wa dirisha.

Mbao nilizipata kwenye makasha ya sabuni. Nilizipasua vipande vyembamba, nikavisugua kwa burashi ya waya kufuata mistari ya mti, ili sehemu laini itoke na ngumu ibaki, maana ndivyo mvua inavyofanya. Halafu chai kali, halafu siki ambayo nililaza ndani yake misumari yenye kutu. Chai na siki ile vikikutana juu ya mbao, mbao inageuka kijivu ukiwa unaiangalia. Kabla hujamaliza kikombe chako, ubao wa jana una umri wa mzee. Juu yake nilinyunyiza chumvi ya jikoni palipokuwa na unyevu, nikapaka rangi ya buluu juu ya chumvi, nikaacha ikauke, kisha nikasugua kwa kidole gumba. Chumvi inatoka na rangi yake, na panabaki mabaka kama rangi iliyobanduka kwa jua. Hayo yote nilijifunza kwa kuharibu. Ukuta wa kwanza ulionekana kama una ugonjwa wa ngozi.

Tatizo halikuwa rangi. Tatizo ni kwamba ukuta hauzeeki ovyo. Kila doa lina aliyelitia. Nilichomwagia chumvi popote kilikuwa uongo, na papa angeuona kabla hajavaa miwani. Ikanibidi niketi na kukumbuka ukuta baada ya ukuta. Wa magharibi uliliwa na jua, ulikuwa mweupe mweupe. Wa upande wa mto ulikuwa na ukungu wa kijani kutoka chini hadi kiunoni. Chini ya michirizi ya mabati, matone yalirusha udongo mwekundu mpaka usawa wa goti. Vichwa vya misumari vilitoa machozi ya kutu, na machozi hayo hayashuki sawa, yanapinda kidogo upande ambao upepo wa mvua hutokea. Kona ya nyuma ilikuwa imeng'aa kwa mafuta, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuja kujikuna pale tangu niko mdogo. Juu ya dirisha la jikoni kulikuwa na moshi. Na kwenye kizingiti cha dirisha la mbele rangi ilikuwa imelika sehemu moja tu, ya mviringo, pale mama alipokuwa anaweka kiwiko akiongea na watu wa njiani.

Pale kwenye kiwiko nililia. Nilikuwa nasugua kwa kitambaa chenye majivu, mahali padogo kama punje ya mahindi, na nikaona kwamba sasa watu pekee wanaojua kama palikuwapo ni mimi na yule mzee kule Kabondo. Nilikuwa na hasira kwa yaya, kwa tonton, kwa mto, na nililia.

Nyumba ilipokamilika, mlango ulikuwa na urefu wa kiganja changu. Niliiweka nyuma ya karakana, chini, kwenye udongo niliouchuja kwa kichujio cha chai, ili chembe zisionekane kama mawe makubwa. Nikalala kifudifudi na telefone. Jua ni lile lile, na miti ya nyuma ikionekana kwa mbali haijui kama nyumba ni ndogo au kubwa. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ila kuku wa jirani alikuwa amesimama nyuma ya jikoni, kichwa juu ya paa, anatazama. Nilicheka mpaka nikameza vumbi. Nilimfukuza, nikapiga nyingine.

Papa aliishika telefone kwa mkono wake mzima akaisogeza karibu na pua. Tonton aliketi pembeni anahesabu tasbihi, na vidole vilikuwa vimesimama. Yaya alikuwa mlangoni. Papa alitazama, akatazama.

"Ukuta ya upande ya mto," alisema mwishowe, "iko na uchafu ya kijani mingi. Juu ya nini hamuisafishe?"

"Tutasafisha, papa."

"Mulisema hivyo na mwaka jana."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa saruji wa yaya. Tonton alinifuata, akanipiga bega. Kwa kawaida tonton hampigi mtu bega.

Kuanzia hapo papa akawa fundi tena. Akiwa kitandani, alitengeneza nyumba yake kupitia mimi. Toa ile mbao ya pili chini ya dirisha, imeoza. Nilirudi karakana, nikang'oa ubao wa upana wa kidole, nikaweka mwingine, nikapiga picha. Hapana, huo haukulala vizuri, uinue kidogo upande ya kushoto. Niliuinua. Alinieleza kwa nini msumari haupigwi karibu na ncha, kwa nini lami lazima iwe ya moto kuliko unavyodhani, na kwa nini ukuta wa mto aliuinamisha kidogo nje. Miaka yote niliishi naye hakuwahi kunifundisha, kwa sababu nilipokuwa kijana nilisema kazi ya mashua ni ya watu wasiosoma, naye akafunga mdomo. Sasa tulikuwa tunaongea kila alasiri mpaka yaya aje kuniondoa ili papa ale. Nilikuwa na furaha, niseme nini. Nilikuwa na furaha na nyumba ambayo haipo, pamoja na mtu ambaye hajui.

Na uchakavu ule ulitulinda. Alipokuwa akisema, "Sasa munirudishe kwangu," nilikuwa na jibu. Papa, si uliona mwenyewe, paa linavuja upande wa kitanda. Papa, subiri tumalize mbao za chini. Alikubali, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumkabidhi mtu mashua ambayo haijakamilika.

Halafu mwezi mtukufu ukakaribia.

Katika nyumba yetu, kabla ya mwezi kuandama, kuta zilipakwa rangi. Hata mwaka ambao hatukuwa na nguo mpya, rangi ilipatikana. Papa alikuwa akisema nyumba haiingii mwezi na uso mchafu. Rangi yake haikuwa ya dukani. Alichukua nyeupe ya mashua akachanganya na buluu ya kufulia nguo, ile ya unga, akaonja kwa jicho, akaongeza, akaonja, na pembe za madirisha akaziacha nyeupe. Mtaa mzima ulijua mwezi unakuja wakiona ngazi ya papa.

"Mwezi iko karibu," aliniambia. "Pakeni."

Yaya alisema nimdanganye kwamba rangi haipatikani. Tonton alisema nipake kidogo tu, upande mmoja, nipige picha ya upande huo, tumalize. Mpaka leo tonton anasema kosa lilianzia hapo, kwamba ningepaka kidogo. Sikubali. Nani alisema nyumba iko? Si mimi. Mtu akikuagiza ujenge uongo, asije baadaye kukufundisha ungekuwa na ukubwa gani. Nilinunua buluu ya kufulia sokoni. Nilichanganya na nyeupe, nikaongeza, nikatazama, nikaongeza, mpaka ikatoka ile yenyewe. Nilifunika kijivu chote, kutu yote, ukungu wote, hata kona ya mbuzi. Kazi yote ile nzuri ya uzee niliizika chini ya rangi moja. Ilipokauka niliiweka kwenye jua la asubuhi, na ilikuwa nyumba ya utoto wangu, siku moja kabla ya mwezi, kabla mtu hajaigusa.

Papa alipoiona alilia kwa lile jicho lililoweza. Alishika mkono wangu akaubana.

"Mulifanya vizuri," alisema. "Sasa iko tayari. Munipeleke."

Nilisema daktari hajatoa ruhusa.

"Dokta anafanya nini mu nyumba yangu? Minataka kufunga mwezi kwangu. Na kama Mungu ananiita, nitoke kupitia mulango yangu."

Hicho ndicho alichotaka, na hakutaka kingine tena mpaka mwisho. Kwetu mtu anabebwa kutoka katika mlango wake. Mtu anayetolewa katika mlango wa mwingine, hata kama ni wa binti yake, watu husema alifia safarini. Papa alijenga mlango ule, na alitaka kupita ndani yake mara ya mwisho akiwa amelala. Nilielewa vizuri sana, na sikuwa na mlango wa kumpa zaidi ya ule wa urefu wa kiganja.

Tulianza visingizio. Njia ina matope. Papa alisema tonton ana rafiki mwenye gari. Tukasema gari limeharibika. Alisema basi tumchukue kwa kitoroli, yeye si mzigo wa aibu. Kesho, papa. Kesho kutwa. Kila siku alijibu kwa upole zaidi, halafu siku moja hakuuliza tena. Niliingia nikasalimia, naye alijibu salamu tu. Nilidhani amechoka.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya pazia nikivua viatu, nikamsikia anamuuliza yaya, "Nani analala mule sasa?"

"Hakuna mutu, papa."

"Hakuna mutu analala, na beko banapaka rangi." Kisha akaongeza, "Batu banapakaka rangi nyumba yenye banataka kuuzisha."

Nilibaki na kiatu mkononi. Ni kweli, hapa mjini ndivyo ilivyo. Ukiona nyumba ya mzee inang'aa ghafla na mzee hayupo, usiulize, wana wanatafuta mnunuzi. Tunawajua wengi. Mzee anapelekwa kwa binti "apumzike", mtoto wa kiume anaingia na burashi, na mzee akipona anakuta watu wengine wanaanika nguo uwanjani kwake. Papa aliwalaani watoto wa namna hiyo maisha yake yote, kwa majina, mbele ya baba zao.

Tangu siku ile hakukubali kijiko kutoka mkononi mwangu. Nikileta uji, anafunga mdomo. Yaya akishika kijiko hicho hicho, anakula. Nikitaka kumgeuza ubavu, anasema aje mwingine. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

Nilimwendea tonton nyumbani kwake. Nilimwambia imetosha, lazima ajue. Mwezi haukuwa umeandama bado; alikuwa anakunywa chai, hakuniambia niketi.

"Ukimwambia, utamuua," alisema.

"Tonton, anakufa akinichukia."

"Kuchukiwa haiue mutu."

Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mdogo wa baba yake, nikaenda moja kwa moja Kabondo. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda, nikasema, "Papa, nisikie. Nyumba haiko. Mto uliikula katika mvua zile kubwa, ulipokuwa umelala hapa. Tuliogopa kukuambia."

Alinitazama kwa utulivu wa kutisha.

"Na foto?"

"Nilitengeneza, papa. Ni nyumba ndogo. Ni kazi yangu, unaijua."

"Na kiwiko ya mama yako mu dirisha?"

"Nilitengeneza."

"Na kona ya mbuzi?"

"Nayo."

Aligeuza uso ukutani. "Njia ya muongo ni mufupi," alisema, "lakini wewe unataka kunipitisha yote. Ulikuwa unasema inavuja. Sasa unasema haiko. Kesho utasema haikukuwaka hata siku moja."

Nikasema basi nitamletea aione kwa macho. Niliifunga nyumba ndani ya kitambaa cha liputa, nikatafuta toleka pale Makiso, nikakaa nyuma ya baiskeli nimeipakata. Mwenye baiskeli aliuliza nimebeba nini, nikamwambia nyumba. "Kumbe unahama," alisema, akacheka mpaka Kabondo. Nilikuwa nafikiri kwamba akishaigusa atajua. Mikono ya seremala itajua.

Niliiweka juu ya shuka, karibu na mkono wake mzima, nikafungua kitambaa. Yaya alisimama ameshika mdomo. Papa aliangalia kwa muda mrefu. Kisha alinyoosha mkono, akapitisha kidole gumba juu ya mbao, akahisi jinsi zinavyolaliana, akafika kwenye ukuta wa mto akaona ulivyoinama nje. Aligusa kizingiti cha dirisha. Alisukuma mlango kwa ukucha, ukafunguka, maana niliutia bawaba. Pumzi yake ilibadilika, nami nikadhani ndiyo, sasa ameelewa, sasa atalia, sasa tutalia sote na itaisha.

"Ulipima wapi?" aliuliza.

"Kichwani, papa. Sikuwa na pa kupima."

"Hapana." Aliufunga mlango taratibu. "Mimi nilipimaka mbao maisha yangu yote. Mutu hapimi kitu chenye hakiko. Hii kona, hii mbao ya kupinda, nilisahau mimi mwenyewe. Wewe uliketi mbele ya nyumba yangu, ukapima moja moja. Muda ya kutengeneza michezo ya nyumba yangu ulipata. Muda ya kunipeleka ndani, hauna."

Yaya alipiga magoti. Alisema papa, ni kweli, mto uliikula, tulikuficha sisi, yeye hakutaka. Papa alimtazama kwa huruma, hakika ilikuwa huruma, akamuuliza, "Amekuahidi nini, mama?" Akamwambia asilie, hamlaumu, mwanamke atafanya nini kaka yake akishika kitu. Tuliwaita majirani wa zamani wa kando ya mto, waliopoteza nyumba pamoja nasi. Walikuja wakaapa. Aliwashukuru kwa kuja kumwona mgonjwa, akawaombea dua, na walipotoka akasema hao nao wamenunuliwa. Hata tonton aliinamia sikio lake mwishowe akamwambia. Papa akamjibu kwamba anamwelewa, kijana ana nguvu kumzidi, wazee wamebaki wachache.

Nikaona kazi yangu ilivyokuwa nzuri. Mtu yeyote katika dunia hii angeweza kumshawishi papa kwamba nyumba imeanguka, isipokuwa mimi, na kwa sababu yangu, wengine wote pia hawakuweza. Nilitaka kuivunja, kisha nikafikiri akisikia nimeivunja atasema nimeficha ushahidi. Niliirudisha karakana. Iko huko, juu ya kabati. Wateja wakiiona wanaisifu.

Papa alikufa katikati ya mwezi mtukufu, kabla ya adhuhuri, macho kwenye mlango wa yaya. Huo ndio aliotokea.

Kwetu wana wa kiume ndio wanaomwosha baba, na mimi ndiye mwana pekee wa kiume. Nilipandisha suruali, nikakunja mikono ya shati, nikaenda kwenye chumba walichokuwa wamemlaza. Ubani ulikuwa umeshawashwa. Tonton alisimama mlangoni, hakusogea.

"Alisema mikono yako isimuguse," aliniambia, kwa sauti ya chini ili watu wa uwanjani wasisikie. "Ni wosia."

"Tonton, wewe unajua ukweli."

"Mimi ninajua. Yeye hakujua. Wosia ni yake, si yangu."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumsukuma, na nilikuwa na nguvu za kumsukuma. Nyuma yake, kwenye ubao, niliona mguu mmoja wa papa, unyayo mweupe, kisha akavuta pazia.

Maji yalihitajika. Nilichukua ndoo, nikaenda kwenye kisima cha jirani, nikachota, nikarudi nayo hadi mlangoni. Tonton alifungua kidogo, akapokea ndoo, akafunga. Nikaenda kuchota nyingine.